Gari Halingoji Mpunga Uive

Mwanangu, umenionyesha picha ya ile Subaru Impreza yenye tabo, ya mwaka 2008, kilomita 96,000, ukaniuliza kama uinunue kwa pesa za mpunga. Wenzako hapa mjini Ngurubani huniuliza hivyo hivyo kila mavuno yakiisha, kwa hiyo jibu langu ni lenu nyote. Sisemi kwa kuyachukia magari yenye mbio. Ninasema kwa sababu nimeona mashamba yakiliwa na magari hayo.

Anza na hesabu ya miaka. Kenya hairuhusu gari kuukuu kuingizwa nchini likishapita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Gari la 2008 lilipaswa kufika Mombasa kabla ya mwaka 2015 kwisha. Muuzaji akikwambia limetoka Japani juzi, anakudanganya mchana peupe. Limekuwa humu nchini zaidi ya miaka 10. Tuseme lilifika likiwa na kilomita 70,000. Basi anataka uamini kwamba tangu hapo limetembea 26,000 tu, mikononi mwa watu walionunua tabo ili wakimbie. Mimi siamini. Mita hurudishwa nyuma kwa kompyuta, na ni kazi ya muda mfupi. Kwa hiyo tazama raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Hapo ndipo gari husema limetembea kiasi gani. Ukikuta raba mpya kabisa ndani ya gari zee, uliza ile ya zamani ilikwenda wapi.

Na hata kama hizo 96,000 ni za kweli, zisikutulize. Injini za Subaru za ukoo wa EJ zina mkanda wa taiming unaotakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga vali, na hapo unatafuta injini nyingine. Mwenye gari anajua amekaribia gharama hiyo. Ameketi na fundi wake, wakajumlisha mkanda, klachi, shoki na tabo, akaona afadhali aziache gharama hizo zikufuate wewe. Unafuu wa bei unaoufurahia umetoka hapo.

Najua mapenzi haya yalikotoka. Sisi tulimwona Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, akiendesha Subaru kwenye Safari Rally. Mwaka 1997 Colin McRae akaishinda Safari hiyo kwa Impreza, na tangu siku hizo kijana wa Kenya akisikia ule mngurumo moyo humruka. Lakini gari la McRae lilikuwa na jeshi la mafundi nyuma yake. Likifika kituoni walilivamia, wakabadilisha shoki, gia boksi na chochote kilichochoka, kisha likaondoka likiwa karibu jipya. Hili lako litakuwa na wewe na makanika mmoja wa Kutus, na kila kilichochoka kitakuwa juu yako.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo ninapokuogopea zaidi.

Mpunga wa msimu mkuu tunaupanda Julai na Agosti, tunavuna Novemba na Desemba. Pesa huingia kwa mkupuo, na Januari unajiona tajiri. Lakini pesa hizo zina wenyewe tayari: trekta, mbegu na kitalu, akina mama wa kupandikiza, mbolea, ada ya maji, vijana wa kufukuza ndege mpunga unapoanza kujaa, karo ya wadogo zako. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa 2022, limetuongezea maji, na wapo wanaovuna mara mbili sasa. Hata hivyo, kati ya mavuno na mavuno kuna miezi mirefu ambayo shamba linachukua tu, halirudishi kitu. Gari lililochoka litaharibika ndani ya miezi hiyo, kwa sababu miezi hiyo ndiyo mingi. Nimeona mpunga ukiuzwa kwa dalali ungali kijani, kwa bei ya kusikitisha, ili injini itolewe gereji. Nimeona ekari ikikodishwa misimu miwili mbele kwa sababu hiyo hiyo, na mama mwenye ekari akiwa hajawahi kupanda gari lenyewe.

Kipimo changu ni hiki. Kama bei ni shilingi 900,000, uwe na 450,000 nyingine kando ambayo haihusiani kabisa na shamba. Hiyo ndiyo itakayonunua mkanda, matairi manne mazuri, breki na bima kabla hujaenda popote. Kama huna, basi hujafika kwenye kununua gari hili, hata kama bei yenyewe unayo mkononi. Halafu kuna petroli, ambayo EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei yake kila tarehe 14 ya mwezi. Tabo ikikupa kilomita 9 kwa lita, kwenda Nairobi na kurudi utamaliza kama lita 22, na ule ni mwendo wa mtu mtulivu.

Ukiwa nazo hizo 450,000 za kando, na bado moyo wako uko kwenye Subaru, nenda ulione gari alfajiri. Kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, rudi siku nyingine, maana injini iliyopashwa moto mapema huficha moshi na kelele. Ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta upitishe kidole ndani. Kikitoka na utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, oili na maji vimekutana, na safari yako imeishia hapo. Kisha liwashwe wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua, iwe ni ringi au ni tabo. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Usiwe na haraka. Liache lingurume mpaka feni ianze kuzunguka, ukitazama kama kuna mapovu kwenye chupa ya maji.

Tena lala chini ulitazame tumbo. Magari haya vijana huyashusha, na barabara zetu za kando ya mifereji hukuanza kuzijua leo. Udongo mweusi ukikauka unaacha mabonde magumu, na sampu ya oili ndiyo inayogonga. Tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoilinda ni oili safi tu. Ikivuja, au ikikaa bila kubadilishwa, tabo haikawii.

Nenda na makanika wako mwenyewe, aliyewahi kufungua injini za Subaru, umlipe wewe. Anayelipwa na muuzaji atasema ya muuzaji. Namba ya injini ilingane na ya logibuku, kwa sababu injini nyingi zimeshabadilishwa kule Kirinyaga Road, Nairobi. Fanya utafutaji wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen ujue mwenye gari ni nani na kama kuna benki inayolidai. Usitoe pesa kwa ahadi ya kuhamishiwa jina kesho.

Na kuna jambo ambalo sitalinyamazia. Barabara ya Makutano kwenda Embu inapita katikati ya mji wetu. Kandokando wameketi mama zenu wanauza mchele, boda boda zinakatiza, watoto wanavuka kutoka shule. Mjini mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Gari lenye nguvu zote hizo, breki zimekwisha na matairi yana vipara, ni la kuua mtu, na mtu huyo utakuwa unamjua kwa jina.

Kwa hiyo mwambie muuzaji unataka siku mbili: moja ya makanika, moja ya karatasi. Mwenye gari zuri atakupa. Akikuhimiza utume malipo ya kulishikilia kwa sababu kuna mteja mwingine anakuja saa nane, mwache huyo mteja wa saa nane alichukue.