Simama Nakuru, Ukaze Tena

Somo: Waebrania 2:1, Waebrania 3:12-13
Ibada ya pili, Jumapili iliyopita

 

Wale tuliosafiri pamoja kwenda mazishi Kakamega mwaka jana, mnakumbuka tulivyosimama kando ya barabara tukaimba wimbo wa shukrani. Mliambiwa gari lilikuwa na shida ndogo ya gurudumu. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Leo nitawaambia iliyobaki, kwa sababu siwezi kuhubiri somo hili nikiificha.

Tulitoka Nairobi alfajiri, van imejaa. Karibu na Naivasha tukapata pancha, gurudumu la mbele upande wa kushoto. Dereva wetu, mzee ambaye ameshika usukani tangu mimi sijazaliwa, akapiga jeki, akafunga spea, akakaza nati zote sita. Tulipoondoka akaniambia, "Pasta, tukifika Nakuru nisimame kidogo nikaze tena."

Mimi nikaangalia saa. Mimi ndiye nilikuwa niongoze ibada. Nikamjibu, "Mzee, si umeshakaza? Twende tu, tumechelewa."

Mzee akanyamaza. Akatii, kwa sababu mimi ni pasta.

Tukapita Nakuru. Hatujafika Salgaa usukani ukaanza kutetemeka. Mimi nikadhani ni barabara. Mzee hakuniuliza tena, alitoa gari nje ya lami akasimama. Tukashuka kuangalia. Nati mbili hazikuwepo kabisa. Tatu ungezizungusha kwa vidole. Moja tu ndiyo ilikuwa bado imeshika. Watu kumi na wanne, wapendwa, na watoto watatu kati yao, kwenye barabara ile na malori yake, tumeshikwa na nati moja.

Mzee hakunilaumu. Alitoa nati moja moja kwenye magurudumu mengine mawili, akajaza palipopungua, akakaza. Tukaenda kilomita chache, akasimama akakaza tena. Safari hii sikufungua mdomo.

KWA NINI NATI ILIYOKAZWA INALEGEA

Baadaye nilimuuliza fundi, kwa sababu nilitaka kujua: mzee alikosea wapi? Fundi akasema hakukosea. Unapokaza nati, bolti inavutika kidogo sana, kama springi. Ule mvuto ndio unaobana vitu viwili pamoja. Lakini kati ya rimu na habu kuna vumbi, kutu, labda rangi. Gari likitembea, hivyo vinasagika, nafasi inapatikana, na mvuto unapungua. Ndiyo maana mafundi husema baada ya kufunga gurudumu, nenda kilomita 50 hadi 100, halafu kaza tena.

Tena kuna mtikisiko. Mwaka 1969 mhandisi mmoja Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba kinacholegeza nati zaidi ni kule kusukumwasukumwa upande kwa upande. Vitu vilivyobanwa vikianza kuteleza, hata kidogo tu, nati inaanza kurudi nyuma yenyewe. Hakuna mtu ameifungua. Hakuna mwizi amekuja na spana. Imejifungua polepole, gari likiendelea na safari yake.

Sasa rudi kwenye Waebrania 2:1. Mwandishi anawaonya waumini wayashike zaidi yale waliyosikia, wasije wakachukuliwa mbali nayo. Anasema na watu wanaopelekwa polepole bila kujua, kama mashua iliyofunguka kamba. Ndugu yangu, hakuna mtu anaamka Jumatatu akasema, leo naacha wokovu. Hakuna mume anaamka akasema, leo naanza kumdharau mke wangu. Ni mtikisiko. Deni kidogo, neno baya kidogo, maombi yanaruka siku moja, halafu mbili. Unaendelea kuendesha. Hata kwaya unaimba.

1. KAZA TENA BAADA YA MWENDO WA KWANZA

Hapa ndipo Roho Mtakatifu alinishika shati.

Nilisomea biashara chuo kikuu, na mnanijua, napenda nambari. Baada ya mkutano wetu wa injili mimi ndiye niliandika ripoti: waliookoka wangapi, waliobatizwa wangapi, gharama ya viti na vipaza sauti. Ripoti safi. Nikapongezwa.

Miezi mitatu baadaye nikakutana stendi na kijana mmoja aliyebatizwa siku ile. Akanikwepa. Nilipomfuata akaniambia amerudi kwenye kamari ya simu, na karo aliyotumiwa na mama yake imekwisha yote. Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Pasta, nilikuambia."

Nikafungua simu yangu. Kweli. Jumanne moja usiku, saa tano, wiki ya tatu baada ya ubatizo, alikuwa ameandika: "Pasta uko? Nimelemewa." Na mimi nilimjibu kwa picha ya mikono ya maombi. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa Nakuru yake, na mimi nilipita nikiangalia saa.

Kanisa, sisi tunajua kukaza nati mara ya kwanza. Tuna siku ya wokovu, siku ya ubatizo, siku ya harusi, na zote zina picha. Swali ni, nani anarudi na spana baada ya kilomita 50? Mwongofu mpya hapotei siku ya mkutano, anapotea wiki ya tatu. Bibi na bwana harusi hawagombani siku ya keki. Waebrania 3:13 inatuagiza tuonyane kila siku, maadamu bado inaitwa leo. Haisemi kila mkutano. Inasema kila siku, ili moyo wa mtu usifanywe mgumu na udanganyifu wa dhambi.

2. SAFISHA KABLA YA KUFUNGA

Ukikaza nati juu ya uchafu, unabana uchafu. Leo itaonekana imeshika, kesho uchafu unasagika na nati inacheza. Kuna watu tumewaombea ndoa na biashara mara nyingi, na kila mara inalegea tena, kwa sababu kuna kitu katikati hakijatolewa. Deni ambalo mke hajui. Kinyongo na ndugu yako juu ya shamba la baba. Usitafute maombi yenye nguvu zaidi kabla hujapiga brashi. Tubu kwanza, sema ukweli, ndipo tukaze.

3. USISIMAME JUU YA SPANA

Mmeona utingo anavyopanda juu ya spana kwa miguu yote miwili akirukaruka? Anafikiri anaongeza usalama. Bolti ikivutwa kupita kiasi chake hairudi tena kama springi. Inadhoofika, na siku moja inakatika. Wazazi, mnanisikia? Viongozi wa vijana, mnanisikia? Mtoto akikosea mara moja unamrukia na maandiko kumi. Mwongofu wa wiki mbili unamwekea sheria ambazo wewe mwenyewe zilikuchukua miaka kumi. Huyo hujamkaza, umemvunja. Kila bolti ina kipimo chake, na aliyeitengeneza anakijua.

4. WEKA ALAMA, NA MTU WA KUIANGALIA

Malori mengine huwa na vishale vya plastiki vya rangi juu ya nati za magurudumu. Vishale hivyo havishikilii nati. Kazi yake ni kuonyesha: kimoja kikigeuka, dereva anajua nati imesogea. Weka alama kwenye maisha yako. Nilikuwa naomba saa ngapi? Nilikuwa naongea na mke wangu namna gani? Kanisa la Efeso, kwenye Ufunuo 2, liliambiwa likumbuke lilikoanguka. Huwezi kukumbuka kama hukuweka alama.

Lakini alama bila mtu wa kuiangalia ni mapambo. Tarehe 23 Februari 2007, huko Uingereza, treni iliyokuwa ikitoka London kwenda Glasgow iliacha reli karibu na Grayrigg, ikienda kasi ya karibu kilomita 150 kwa saa. Abiria mmoja, mama mzee, alifariki, na wengi wakaumia. Wachunguzi walikuta kwamba mahali ambapo reli hubadilisha njia, bolti zilikuwa zimelegea. Kulikuwa na ratiba ya mtu kupita kwa miguu kukagua. Ukaguzi wa Jumapili tarehe 18, siku tano kabla ya ajali, haukufanyika. Aliyekuwa akague alisahau.

Wachunguzi walitaja makosa mengine pia, lakini hilo moja limekaa na mimi. Jumapili moja. Ratiba ilikuwepo, bolti zilikuwepo, treni ilikuwa nzuri. Mtu wa kuangalia ndiye hakupita.

Nani anakuangalia wewe? Usiniambie Mungu ananiona. Mungu anakuona, ni kweli, lakini Waebrania 3:13 imesema sisi kwa sisi. Taja jina la mtu mmoja ambaye anaweza kukuuliza swali la pesa, la ndoa, la simu yako, na humkasirikii. Kama huna, wewe ni van iliyopita Nakuru.

NENO LA MWISHO

Labda mtu amekaa hapo akisema, Pasta, mimi nati zote zimeisha, imebaki moja. Soma Isaya 41. Kwenye mstari wa 7, mafundi wa sanamu wanatiana moyo, halafu wanaigongelea misumari sanamu yao ili isitikisike. Mungu wao anahitaji kushikiliwa! Shuka mpaka mstari wa 10. Hapo Bwana anawaambia watu wake wasiogope, yeye ndiye atakayewashika kwa mkono wake wa kuume. Sisi hatumshikilii Mungu asianguke. Yeye anatushika. Kazi yetu ni kukubali kusimama.

Yule kijana hajarudi kanisani. Sitawadanganya. Lakini kila Alhamisi jioni tunakunywa chai pamoja, na wiki iliyopita yeye ndiye alinipigia kuuliza kama naja. Mwombeeni. Na mzee wetu dereva, nilimwomba msamaha mbele ya wazee wa kanisa. Akacheka, akasema, "Pasta, wewe niachie tu nisimame."

YA KUFANYA WIKI HII
Mpigie simu mtu mmoja aliyeokoka, aliyeoa au aliyefiwa miezi mitatu iliyopita. Usitume picha ya mikono. Piga.
Mwambie mtu mmoja unayemwamini akuulize swali moja gumu kila wiki.
Wenye magari na bodaboda: kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, zunguka ukague nati. Hiyo pia ni ibada.

TUOMBE
Baba, tusamehe kwa haraka zetu. Tuonyeshe mahali palipolegea kabla hapajaachia. Tupe watu wa kutukagua, na utupe moyo wa kuwakubali. Warudishe wale tuliowapita njiani. Katika jina la Yesu, Amina.