Mto Ni wa Nani?

Siku moja nilikuwa nikifundisha darasa la tano habari za uumbaji. Tulifika kwenye sura ya pili ya Kitabu cha Mwanzo, itajapo mito minne itokayo Edeni, na miongoni mwake Tigri na Frati. Mtoto mmoja akainua mkono: "Mwalimu, na mto wetu huu, ni wa nani?"

Nilielewa kwa nini aliuliza. Mwaka 2023 Wambole na Walengola walipigana kwa ajili ya ardhi huko Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, na watu wengi wakavuka kukimbilia huku Kisangani. Watoto wa pande zote mbili wameketi katika benchi moja darasani mwangu. Basi sikumjibu upesi. Swali lake latupasa sote kulitafakari.

Tuanze na nchi ya Tigri na Frati, ambayo leo ni Iraki. Wagiriki waliiita Mesopotamia, maana yake nchi iliyo kati ya mito. Jina hilo halikutoka kwa mfalme wala kwa kabila, bali kwa maji. Na ilistahili, kwa sababu upande wa kusini mvua ni haba mno, na pasipo mto hapana shayiri. Wasumeri walichimba mifereji, na mfereji mkubwa hauchimbwi na mtu mmoja. Ilibidi wapatane nani achimbe, nani azoe tope, nani apate maji na lini. Katika maisha hayo ya kushirikiana ikakua miji kama Uruk. Huko, yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, watu wakaanza kuandika, na maandishi yao ya kwanza yalikuwa hasa hesabu za nafaka na mifugo.

Lakini mto uliowakusanya watu ukawa pia sababu ya kuwatenganisha. Miji miwili jirani, Lagash na Umma, iligombea shamba la mpakani na maji ya mfereji kwa vizazi vingi. Mesilim, mfalme wa Kish, aliwaamua, akasimika jiwe la mpaka. Watu wa Umma wakaling'oa. Baadaye Eannatum wa Lagash akashinda, akachonga jiwe la kujisifu, ambalo ndani yake ndege wa mizoga wanabeba vichwa vya maadui. Mwishowe Lugalzagesi wa Umma akaiteketeza Lagash. Je, alifaidi? Hakukaa sana, akashindwa na Sargon wa Akad, na miji yote miwili ikatawaliwa na mgeni.

Sasa tutazame kwetu. Kisanga ni kisiwa kidogo, na Kisangani ni mahali penye kisiwa. Jina letu nalo limetoka mtoni. Baada ya kituo kuanzishwa hapa mwaka 1883, mji uliitwa Stanleyville kwa jina la mtu mmoja, mpaka 1966. Mto wenyewe, juu ya maporomoko, huitwa Lualaba. Kule karibu na bahari Wakongo waliuita Nzadi. Wareno, waliofika na Diogo Cão mwaka 1482, wakalitamka Zaire, na nchi yetu nzima ikachukua jina hilo kuanzia 1971 hadi 1997. Kila aliyekuja aliuita alivyopenda, na hakuna aliyeweza kuuzuia usiende kwa jirani yake.

Mtu atasema: "Babu zangu walitangulia, na makaburi yao yako hapa. Je, hilo si kitu?" Ni kitu kikubwa. Si haki kumwondoa mtu katika shamba lake pasipo yeye kuulizwa na kukubali, na jiwe la Mesilim lilikuwa la haki. Aliyetangulia ana haki ya kuulizwa. Lakini kutangulia hakumpi ruhusa ya kuchoma nyumba ya mwenzake, wala aliyekuja nyuma hana ruhusa hiyo.

Tuwatazame Wagenya kwenye maporomoko. Husimika miti mikubwa katika miamba, huifunga kwa kamba za msituni, kisha hutega vikapu vyao katika maji yaendayo kasi. Kila jamaa ina mahali pake, na ni haki yake. Walakini hakuna awezaye kusimamisha miti ile peke yake, na samaki aliyekipita kikapu changu aenda kwenye kikapu cha ndugu. Mahali pana mwenyewe, lakini maji hayana mwenyewe ila Mungu aliyeyaumba.

Kesho yake nilimjibu mtoto hivyo. Alinisikiliza, kisha akauliza tena: "Basi, Mwalimu, baba anaweza kurudi shambani kwake?"

Hapo nilinyamaza. Swali hilo la pili halijibiwi kwa ubao na chaki. Ni sisi wakubwa, Wambole na Walengola, wazee, wakuu na wakristo wa kila jumuiya, tutakaolijibu kwa kukaa pamoja, kusema kweli juu ya waliokufa, kurudisha kilichochukuliwa, na kuliacha jiwe la mpaka mahali tulipopatana. Mtoto yule angali anangoja.