Dakika za Timu ya Pili

Kila mwaka timu za shule zinapochaguliwa, roho yangu huwa kwa kijana ambaye jina lake halikusomwa. Nimelea vijana wa namna hiyo, wanangu na wapwa zangu, na ninaijua jioni ile: chakula hakiliwi, raba zimesukumiwa uvunguni, mtoto wa miaka kumi na tano ameshakata shauri kwamba mpira wa kikapu si wake. Wazazi wengi hukimbilia kumwona kocha. Mimi huuliza kwanza kama shule ina timu ya pili.

Vijana hawa hutulizwa kwa kisa cha Michael Jordan, kwamba alitimuliwa kwenye timu ya shule kisha akawa mfalme wa mchezo. Kilichotokea hasa kina faida kubwa zaidi kwa kijana. Mwaka 1978, katika sekondari ya Laney, mjini Wilmington, North Carolina, Jordan hakutimuliwa. Alikuwa na miaka 15 na kimo cha kama mita 1.78, na timu ya kwanza ilikuwa inatafuta mrefu. Nafasi akapewa mwenzake, Leroy Smith, aliyekaribia mita 2. Jordan akapangwa timu ya wadogo. Amesimulia mwenyewe kwamba alijifungia chumbani akalia. Lakini alirudi uwanjani, na katika timu ile ndogo akawa nyota. Baadaye akarefuka, akapanda timu ya kwanza, na mwaka 1982, akiwa chuo kikuu, ndiye aliyefunga kikapu cha ushindi katika fainali ya vyuo vya Marekani.

Tuseme mwaka ule angechukuliwa na wakubwa. Huenda angevaa jezi, akapigwa picha, akakaa. Uwanjani huingia watano tu. Aliye mwisho wa benchi huitwa mechi ikiwa imekwisha amuliwa, na katika dakika hizo mbili hakuna analojifunza. Hajifunzi kudunda mpira huku amebanwa na wawili, wala kurudi kukaba baada ya kupoteza pasi mbele ya shule nzima. Chukua mtupo huru. Unasimama mita 4.6 kutoka ubaoni, hakuna anayekuzuia, na mazoezini kila mtu anafunga. Ukipewa mtupo huo robo ya nne, miguu imechoka na pointi moja ndiyo inayowatenganisha, hapo ndipo utajua kama unaujua. Hilo halifundishwi kwa maneno. Linataka dakika, na kijana wa miaka 15 dakika zake ziko timu ya pili.

Sisi Watanzania tunaye Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyeanza mchezo huu akiwa tayari kijana wa sekondari. Kimo chake cha zaidi ya mita 2.20 kilimfikisha shule ya Houston, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika drafti ya NBA. Ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile, na fahari hiyo sitaiacha. Huko alikutana na watu walioushika mpira tangu utotoni. Februari 2010 klabu yake ikampeleka Dakota Wizards, ligi ya chini, apate muda wa kucheza. Wapo walioliona jambo hilo kama aibu. Kwangu ulikuwa uamuzi wa busara, isipokuwa ulimfikia ukubwani, macho ya dunia nzima yakimtazama.

Kwa hiyo inaniuma ninapoona shule inaunda timu moja tu mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yanapokaribia, walioachwa wakigeuka washangiliaji hadi mwakani. Walimu wa michezo, ninawaomba: mkienda kucheza na shule jirani, chukueni timu mbili. Wa pili waanze, robo zote nne, mwamuzi akiwepo na pointi zikiandikwa, kisha ndipo waingie wakubwa. Uwanja ni uleule na mpira ni uleule, kinachoongezeka ni saa moja na nusu hivi. Nasi wazazi tufike mapema, mechi hiyo ya kwanza isichezwe mbele ya viti vitupu.