Dawa, Azima na Ramli: Nasaha kwa Ndugu Waislamu wa Mwambao

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba dawa zake. Na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baad. Enyi ndugu zangu, waraka huu nimeuandika Masoko, katika wilaya ya Rungwe, nchi ya mvua na migomba, mbali na bahari yetu. Hapa pana ziwa la mviringo lililo katika shimo la mlima wa moto wa kale, na kando yake ipo nyumba ya mawe waliyoijenga Wadachi. Sisi watu wa mwambao tulipokuja bara kwa biashara tulichukua dini yetu, nguo zetu na desturi zetu. Katika desturi hizo zimo nzuri, nasi twamshukuru Mungu kwazo. Na zimo mbaya, nazo ndizo zilizonishikisha kalamu.

Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 3, aliingiwa na homa baada ya magharibi. Usiku akakakamaa viungo, macho yakapinduka, na povu likamtoka kinywani. Wazee wa nyumba wakasema: "Hili ni degedege. Asichomwe sindano, akichomwa atakufa." Maneno haya, ndugu zangu, hayahitaji tafsiri kwenu, kwani tangu Tanga mpaka Lindi tumeyanyonya pamoja na maziwa ya mama zetu. Husemwa kuwa degedege ni ndege wa usiku, au shetani mwenye sura ya ndege, apitaye juu ya nyumba akamwangukia mtoto. Basi akafukizwa kwa mavi ya tembo, akaogeshwa majani, na mimi, ambaye nimesoma na watu hunisikiliza, nikaandika hirizi nikamfunga shingoni. Hospitali haikuwa mbali, na gari lilipatikana. Tukangoja alfajiri.

Alfajiri tukampeleka. Tabibu akampima damu, akasema ni malaria iliyopanda kichwani, na dawa yake ni sindano ile ile tuliyoikimbia. Akachomwa, walakin wakati ulikuwa umekwisha kupita. Tulimzika baada ya sala ya adhuhuri.

Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, na siku ikifika haisogei. Walakin sitaulizwa juu ya ajali. Nitaulizwa juu ya kungoja kwangu. Na baada ya maziko niliyapima yale maneno ya wazee, nikayaona asili yake. Watoto wengi wa degedege hupelekwa hospitali wakiwa wamekwisha kukata tamaa, baada ya mafusho na majani. Huchomwa sindano, kisha hufa. Watu huona sindano, huona mauti, wakasema sindano ndiyo iliyoua. Hawauhesabu ule usiku uliopotea kabla yake. Basi kosa likizaa msiba, msiba hulitia nguvu kosa, na mtoto wa pili hucheleweshwa zaidi kuliko wa kwanza.

KUJITIBU NI KATIKA DINI

Wako wasemao kwamba mwenye kumtegemea Mungu hana haja ya dawa. Maneno haya si ya dini. Mabedui walimwuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kwamba hakuna maradhi yasiyowekewa dawa ila uzee. Na Saad bin Abi Waqqas alipougua moyo, Mtume alimwelekeza kwa Harith bin Kalada, mtu wa kabila la Thaqif, kwa kuwa alikuwa akijulikana kwa utabibu. Ubayy bin Kaab naye alipelekewa tabibu aliyemkata mshipa na kumchoma. Na yule bwana aliyeuliza kuhusu ngamia wake alifundishwa amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Sisi tulimwacha ngamia bila kamba, tukaita kuacha huko tawakali.

Tena sheria imemwekea mipaka mwenye kutibu. Yeye atibuye watu hali hajulikani kwa ilmu hiyo, kisha akadhuru, dhamana ni juu yake. Sikilizeni hukumu hii, enyi mnaoandika hirizi, na wa kwanza katika nyinyi ni mimi.

AINA ZA TIBA

Siku hizi watu wazitaja tiba asili na tiba mbadala. Tiba asili ni ile tuliyoirithi kwa wazee wetu wa nchi hizi. Tiba mbadala ni ile iliyotoka nchi nyingine, nayo si ya hospitali, kama ile ya Wachina ya kutia sindano nyembamba katika ngozi pasipo dawa ndani yake. Lakini iliyo muhimu zaidi ni tofauti hii: iko tiba inayoisindikiza ile ya tabibu, na iko inayokaa mahali pake na kuifukuza. Kitu kimoja chaweza kuwa cha namna zote mbili. Asali kwa mwenye kikohozi anayemeza dawa zake ni msindikizaji; asali kwa mwenye kifua kikuu aliyeziacha dawa zake ni mwizi wa uhai.

Ya kwanza ni miti, majani na mizizi. Asidhani mtu kwamba hiyo ni mambo ya washenzi na hospitali ni kitu mbali nayo. Kwinini yatoka katika magome ya mti. Wadachi waliupanda mti huo Amani, katika milima ya Usambara, katika chuo chao kilichoanzishwa mwaka 1902, na wakati wa vita vya 1914 magome hayo yakawafaa askari wao. Na ile dawa mseto ya malaria tuimezayo leo, asili yake ni jani la pakanga la Uchina. Bibi Tu Youyou alisoma kitabu cha tabibu wa kale wa nchi yake, akaitoa dawa ndani ya jani hilo katika miaka ya 1970, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Lakini zingatieni: hakutosheka na kitabu. Alijaribu, akakosa, akajaribu tena, akapima kadiri. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali mtu kutibu malaria kwa kunywa chai ya jani hilo, kwani kiasi cha dawa katika chai hakijulikani, na huenda kisitoshe. Kadhalika mwarobaini wetu: mti wenye manufaa, walakin mafuta yake yamewadhuru watoto wachanga walionyweshwa.

Ya pili ni asali, habasoda na kuumika, nazo zimetajwa kwa kheri katika hadithi sahihi. Twaziamini. Lakini Ibn al-Qayyim, aliyekufa mwaka 1350 na ambaye ameandika sana juu ya tiba ya Mtume, ameeleza kwamba dawa hutazamwa pamoja na ugonjwa, mwili wa mgonjwa na kadiri yake. Basi mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali, kwa maana yaweza kuwa na vijidudu vizaavyo sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda. Na mwumikaji akitumia wembe mmoja kwa watu wawili, amemhamishia wa pili maradhi ya damu ya wa kwanza, na sunna haikumwamrisha hayo.

Ya tatu ni kukanda na kuunga mifupa. Wako wazee wenye mikono ya baraka katika kazi hii. Lakini mfupa uliotoboa ngozi, au mguu uliofungwa ukawa baridi na mweusi, huo ni wa hospitali saa ile ile.

Ya nne ni azima na kusoma. Abu Said na wenziwe walimsomea Fatiha mtu aliyeumwa na nge, akapona, na Mtume akaridhia. Kusoma kusikokuwa na shirki ndani yake ni halali, na moyo wa mgonjwa hutulia. Lakini jueni kwamba kusoma hakumzuii mtu kupanda gari. Ulimi wangu ungaliweza kusoma njia nzima mpaka hospitali. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ya tano ni ramli, kupunga, na kutaja mchawi. Hii si tiba. Mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza, sala yake haikubaliwi siku 40. Na madhara yake si ya akhera peke yake. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa ajili ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni, na ndugu zetu albino wamekatwa viungo kwa maneno ya waganga, hata mwezi wa Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Na wenyeji wa huku Rungwe zamani walikuwa na kiapo cha mwafi, mtuhumiwa akinyweshwa sumu ili ijulikane kama ni mchawi. Sisi tuliwacheka. Je, yuko tofauti gani yule wa pwani asemaye, "Jirani yako ndiye aliyekuroga"?

MIZANI YA KUPIMIA

Mnakumbuka mwaka 2011, watu walivyokwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha mti wa mugariga kwa shilingi 500. Wakristo walikwenda, na Waislamu walikwenda. Magari yalipangana kilomita nyingi, na wagonjwa wengine walifia njiani. Wako waliorudi wakasema wamepona ukimwi, wakaacha vidonge vyao, kisha maradhi yakawarudia kwa nguvu. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, na sisi hatumtukani maiti. Kosa letu lilikuwa letu: hatukuuliza.

Basi ulizeni mambo manne. Kwanza, mtibu huyu anajulikana? Bara imeweka sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002, na Zanzibar mwaka 2008, na mganga hutakiwa awe ameandikishwa. Mtakeni cheti chake. Pili, adai nini? Mwenye kusema dawa yake moja yaponya sukari, saratani, ukimwi na utasa, mwacheni. Tatu, akwambia uache dawa ya hospitali? Akisema hivyo, ondoka. Nne, yu radhi tabibu ajue? Mwambie tabibu kila unywacho, kwani mizizi na vidonge huweza kugombana ndani ya mwili mmoja.

Na ziko hali zisizongoja mizani: mtoto aliyekakamaa au asiyeweza kunyonya, mjamzito atokwaye damu, aliyeumwa na nyoka, mwenye pumzi za haraka, aliyepooza upande mmoja kwa ghafla. Hawa ni wa hospitali, usiku au mchana. Sisi wanaume ndio tushikao fedha ya nauli, na mama wa mtoto mara nyingi hungoja neno letu. Dada yangu aliniangalia mimi usiku ule. Angalitoka, lau ningalisema neno moja.

Ile hirizi niliifungua mwenyewe shingoni mwa mtoto kabla ya kuoshwa. Tangu siku hiyo ajapo mtu kwangu na mtoto mwenye homa, humwuliza kwanza kama amempima damu. Ikiwa bado, twaenda pamoja, nami humsomea njiani.

Ewe Mola wetu, utusamehe ajizi yetu, uwaponye wagonjwa wetu, uwatie ilmu na huruma matabibu wetu, na uwarehemu watoto waliotutangulia. Amin.