Machozi ya Nani, Tuzo ya Nani?

Swali langu ni hili: mtu akitoa machozi yake ya kweli ili filamu iwe nzuri, halafu filamu ikapewa tuzo, yeye ana sehemu gani katika ile tuzo? Swali hili limenikaa kichwani tangu kikundi chetu cha vijana kilipoangalia Casablanca, filamu ya Marekani ya mwaka 1942. Tuliiangalia kwenye kompyuta ya kituo, mimi nikitafsiri kwa sauti kutoka maandishi ya Kifaransa yaliyo chini ya picha.

Kwa ambaye hajaiona: mji wa Casablanca uko Moroko, na wakati ule Moroko ilikuwa chini ya Wafaransa. Jeshi la Hitler limeshaichukua Paris. Watu wanaokimbia Ulaya wanafika Casablanca na pale wanakwama. Wanataka kibali cha kutoka, waende Lisbon kule Ureno, na Lisbon wapate njia ya kwenda Amerika. Jioni wanakaa kwenye baa ya Mmarekani mmoja anayeitwa Rick, wanauza mikufu kwa bei ya hasara, wanaulizana nani ameitwa na nani bado. Vijana walielewa kabla sijafungua mdomo. Mmoja akasema, "Hawa wanangoja mchakato kama sisi." Mwingine akauliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: "Sasa wenyeji wako wapi?" Kweli, hadithi iko Afrika, lakini Wamoroko wenyewe wanapita tu sokoni na kubeba sahani. Tena filamu yenyewe haikupigwa Afrika. Karibu yote ilipigwa California, ndani ya studio za Warner.

Katika hadithi kuna barua mbili za kusafiria ambazo hakuna ofisa anayeweza kuzihoji wala kuzifuta. Barua za namna hiyo hazikuwahi kuwepo, waandishi walizibuni. Hapo tulicheka sana. Mtu ambaye hajawahi kupanga foleni ya karatasi ndiye anaweza kubuni karatasi isiyoulizwa swali!

Lakini kilichonishika si hadithi. Ni watu walioicheza. Kati ya waigizaji kumi na nne waliotajwa kwenye orodha ya majina, watatu tu ndio waliozaliwa Marekani. Waliobaki wametoka nje, na kadhaa walikuwa wamemkimbia Hitler. Kuna sehemu ambapo maofisa wa Kijerumani wanaimba wimbo wao ndani ya baa, na mkimbizi mmoja anaiambia bendi ipige wimbo wa taifa wa Ufaransa. Baa nzima inasimama na kuimba mpaka Wajerumani wananyamaza. Mwigizaji mmoja aliyekuwepo siku ya kupiga picha alisimulia baadaye kwamba alipogeuka kuangalia, wengi waliomzunguka walikuwa wanalia kweli. Hakuna aliyewaagiza. Mwanamke kijana ambaye kamera inamwonyesha analia huku anaimba ni Madeleine Lebeau, umri wake miaka 19, na yeye alitoka Paris miaka miwili tu kabla ya hapo, Wajerumani wakiwa wanaingia.

Alitoka na mumewe, Marcel Dalio. Sasa huyu Dalio ndiye ninayetaka tumwangalie kwa makini.

Dalio alikuwa Myahudi wa Paris, na katika sinema ya Ufaransa alikuwa mtu mkubwa. Mwaka 1937 alicheza katika La Grande Illusion, filamu ya Jean Renoir kuhusu wafungwa wa vita. Ndiye yule mfungwa ambaye nyumbani kwao kuna pesa, anatumiwa vifurushi vya chakula, naye anagawana na wenzake wote. Filamu ile ilifika mpaka Hollywood. Katika tuzo za Oscar zilizotolewa mwaka 1939 iliteuliwa kugombea nafasi ya filamu bora ya mwaka, na ndiyo ya kwanza isiyo ya Kiingereza kufika hapo. Halafu vita ikaja. Wanazi walipoikalia Ufaransa walichukua picha ya uso wa Dalio wakaiweka kwenye mabango, kuwaonyesha watu kwamba Myahudi anafanana hivi, mtambueni. Wakati huo yeye na mkewe wameshaondoka kupitia Lisbon. Walikuwa na viza za Chile. Meli ilipofika Meksiko ikagundulika kwamba viza ni za kughushi. Waliuziwa hewa, kama ndugu zetu wengi tunaowafahamu. Mwishowe walipata pasi za muda za Kanada, na kwa njia hiyo wakaingia Marekani.

Na katika Casablanca Dalio anafanya nini? Anachezesha kamari. Yeye ndiye anayezungusha lile gurudumu la namba katika baa ya Rick. Kuna kijana wa Kibulgaria anayetafuta pesa za kibali, amekaribia kumaliza zote alizonazo, na Rick anamnong'oneza aweke kwenye namba 22. Gurudumu linasimama kwenye 22, mara mbili. Rick ametoa ishara, na mkono uliofanya kazi ni wa Dalio. Yule kijana naye aliigizwa na Helmut Dantine, mtu wa Vienna ambaye Wanazi walimfunga mwaka 1938. Yaani mtu aliyeuziwa viza feki anamshindisha kamari mtu aliyetoka kizuizini, ili apate kibali. Mwangalizi wa kawaida hajui.

Baadaye inakuja ile sehemu ambayo watu bado wanaikumbuka na kucheka. Mkuu wa polisi anaifunga baa, eti ameshangaa sana kusikia humu ndani kunachezwa kamari, na wakati bado anashangaa, mchezesha kamari anakuja kumkabidhi pesa alizoshinda usiku ule. Anayempa zile pesa ni Dalio. Utani ule hausimami bila mkono wake.

Claude Rains, Mwingereza aliyecheza mkuu wa polisi, aliteuliwa kugombea Oscar ya mwigizaji msaidizi. Mkono uliopokea pesa uliteuliwa. Mkono uliotoa haukuwekwa hata kwenye orodha ya majina. Mtafute Dalio mwanzoni mwa filamu yanapopita majina, hayupo. Dantine pia hayupo.

Usiku wa tuzo ulikuwa tarehe 2 Machi 1944. Casablanca iliteuliwa mara nane, ikashinda tatu: filamu bora, mwongozaji bora na uandishi. Ilipotajwa kuwa filamu bora, mtayarishaji wake Hal Wallis aliinuka kwenda kupokea. Kwa maelezo yake mwenyewe, alijikuta amezibiwa njia na ndugu za Jack Warner waliokaa mstari ule, na Warner mwenyewe, mkubwa wa studio, yuko mbele tayari anatabasamu amepokea sanamu. Wakubwa wawili wanagombania heshima ya filamu ya wakimbizi! Na nyinyi mnaopenda kombe la kung'aa, jueni kwamba sanamu za Oscar za wakati ule wa vita zilikuwa plasta iliyopakwa rangi, kwa sababu madini yalikuwa adimu. Vita ilipoisha ndipo wakabadilishiwa.

Kaka mmoja ninayefanya naye kazi kituoni aliniambia nisikuze mambo. Dalio alilipwa mshahara wake, akasema, na fundi seremala haandiki jina lake kwenye kila mlango. Tuzo ina kanuni zake: filamu bora ni ya mtayarishaji, uongozaji ni wa mwongozaji. Mchezesha kamari hana kundi lake. Tena, akaongeza, kuna wakimbizi wangapi mwaka ule waliotamani kazi hiyo ya kuzungusha gurudumu Hollywood badala ya kuwa mahali walipokuwa? Hoja hii ina nguvu, na mtu asiipuuze kwa sababu tu inaudhi. Dalio alikuwa hai, na alikuwa anafanya kazi anayoijua.

Upande wa pili wako vijana wangu, wengi wao, wanaosema machozi yana bei. Kwamba filamu ilitumia uchungu wa wale watu kama kuni, ukawaka, wengine wakapika. Kwa hiyo kila aliyelia pale alistahili sehemu yake.

Mimi sikubaliani na vijana, na kaka naye sikubaliani naye. Machozi si kazi. Nikianza kusema mtu alipwe tuzo kwa sababu amelia, kesho nitakuwa naomba kila mtu alie ili alipwe, na hapa kambini tunajua jinsi hiyo inavyokwenda. Mgeni akija na kamera, mwenye hadithi nzito ndiye anayeitwa mbele. Watoto wanaijua. Nimesikia mtoto akimwambia mwenzake asicheke, kuna wageni. Lakini kwa Dalio deni halikuwa la machozi hata kidogo. Katika Casablanca yeye halii. Anafanya kazi kwa mikono na macho, na kwa kazi hiyo filamu aliyoicheza huko nyuma ilishagombea tuzo ile ile. Alipokuwa Mfaransa mwenye nchi yake, alihesabika fundi. Alipokuwa mkimbizi, ufundi ukawa hauonekani tena, ukabaki uso tu. Wanazi walitaka uso wake, na naogopa kusema kwamba studio nayo ilitaka uso wake na matamshi yake ya Kifaransa, ili baa ya Rick ifanane na ukweli. Sisemi ni dhambi moja. Mmoja alitaka auawe, mwingine alimpa mkate. Ila wote wawili hawakumuuliza anajua nini.

Kaka akisema seremala haandiki jina kwenye mlango, namjibu kwamba seremala anaitwa seremala. Hakuna anayepita kwenye ule mlango akasema, tazama, mbao zimejichonga zenyewe.

Hili si jambo la Hollywood peke yake. Mwaka juzi kikundi chetu kilicheza igizo la mama anayevuka Ziwa Tanganyika usiku na mtoto mgonjwa. Dada mmoja ndiye aliyekuwa mama. Alifanya mazoezi wiki tatu. Alikuwa anajifunza kulia bila kuharibu sauti, maana mwanzoni akilia maneno hayasikiki. Siku ya onyesho alilia vizuri sana, watu wazima wakafuta macho. Kulikuwa na mpiga picha. Miezi kadhaa baadaye tukaona picha yake kwenye kalenda ya shirika moja, na maneno chini yanasema huyu ni mama aliyepoteza mtoto safarini. Yule dada hana mtoto. Alikuja nayo kwangu, akaniambia, "Yaya, siku ile sikuwa nalia. Nilikuwa naigiza."

Niliifikiria sana kauli hiyo baada ya kumsoma Dalio. Kule California watu walilia kweli na dunia ikasema, wanaigiza vizuri. Hapa kwetu dada aliigiza na dunia ikasema, analia kweli. Utadhani ni mambo mawili yaliyopishana, lakini kilichofutwa ni kile kile.

Nilipowauliza wenye kalenda, walinijibu kwa upole kwamba majina hawaandiki kwa ajili ya usalama wetu. Na hii ni kweli, siwezi kuibeza. Wapo humu watu ambao jina lao likionekana, kuna mtu ng'ambo ya ziwa atalisoma. Hata Dalio si jina alilozaliwa nalo, kwao ni Blauschild. Kwa hiyo wanaosema "tuandikwe majina" na kuishia hapo hawajafika mbali. Dada mwenyewe alipata jibu zuri kuliko la kwangu. Alisema jina lisiandikwe, sawa, lakini waandike neno moja: mwigizaji. Kalenda ilikuwa imeshachapwa. Waliahidi kuangalia mwakani.

Nawaambia hivi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma jarida hili, bila ugomvi: mkimpiga mtu picha akiwa ameshika jembe, andikeni mkulima. Akiwa na cherehani, fundi nguo. Mna neno lenu la kutuita, mnalijua, na linatutosha sote elfu kwa maelfu, ndiyo maana halimtoshi yeyote.

Sasa Juni 20 inakaribia, Siku ya Wakimbizi Duniani, na mashindano ya maigizo yapo kama kawaida. Safari hii kikundi kimeamua orodha isomwe kwa sauti kabla igizo halijaanza, kila mtu na kazi aliyoifanya, pamoja na waliobeba viti na aliyekopesha vitenge. Jina kila mtu anachagua mwenyewe. Mmoja amechagua kuitwa Bogart, tumemwacha.

Tatizo lililobaki ni zawadi. Mshindi atapewa spika moja ya kuchaji kwa jua, na tumeshaigombania kabla hatujaishinda. Wengi wanataka ikae kwa dada anayecheza mama, kwa sababu ndiye anayeliza watu. Yeye mwenyewe anasema impasavyo kwenda kwa kijana anayecheza mwasi. Kijana yule alifukuzwa kwao na watu waliovaa kama anavyovaa jukwaani, na alikataa mara mbili kabla ya kukubali. Nilimsimulia habari za Conrad Veidt, Mjerumani aliyeondoka kwao mwaka 1933 na mke wake Myahudi, na katika Casablanca akavaa sare ya ofisa wa Kinazi akaivaa vizuri kabisa, akafariki Aprili 1943 bila kuiona filamu ikipewa tuzo. Kijana alisikiliza, akauliza kama huyo Veidt alipotembea barabarani watoto walikuwa wanamkimbia. Maana yeye watoto wa bloki yao wanamkimbia mpaka bombani, na ndoo anaachiwa zote.

Jumamosi tunakutana tena kuhusu spika.