Nadhiri Isiyo na Shahidi

Ahadi tunazotoa mbele ya watu zina walinzi wengi. Aliyekopa anaye mdai wake, waliofunga ndoa wanao mashahidi, na aliyekula kiapo mahakamani anaijua adhabu ya uongo. Lakini iko ahadi nyingine isiyo na mdai wala shahidi. Ni ile mtu anayojiwekea mwenyewe, kimya kimya, na ambayo akiivunja hakuna atakayemwuliza. Je, ahadi ya namna hiyo inamfunga mtu kweli, au ni mchezo tu wa nafsi, ambao mtu anaweza kuuacha wakati wowote bila ya lawama?

Mwanafalsafa wa Uingereza, Thomas Hobbes, alilijibu swali hili katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651. Hoja yake ni fupi na si rahisi kuipinga: mwenye uwezo wa kufunga anao pia uwezo wa kufungua; kwa hiyo aliyefungwa na nafsi yake peke yake hakufungwa hata kidogo. Ni kama mfungwa aliyeachiwa funguo za gereza mkononi.

Mimi nilikutana na hoja hii mbele ya televisheni. Nilikuwa nimejipa kazi ya kutazama filamu moja ya kila muongo, tangu sinema ianze mpaka leo. Ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu wa Paris filamu zao kwa kiingilio tarehe 28 Desemba 1895; basi nikaanzia muongo wa 1890 na kuishia huu tulio nao. Jumla ni miongo 14, filamu 14, moja kila Jumamosi usiku. Masharti yalikuwa matatu. Kwanza, nifuate mpangilio wa miaka bila ya kuruka. Pili, kila filamu niitazame mpaka mwisho. Tatu, orodha yote niipange kabla ya kuanza, na filamu nisiichague kwa utamu wake bali kwa yale inayoweza kunieleza juu ya zama zake.

Jumamosi mbili za mwanzo zilikuwa nyepesi. Filamu ya Lumière ya wafanyakazi wakitoka kiwandani huko Lyon haifiki hata dakika moja. Ile ya Georges Méliès ya safari ya mwezini, ya mwaka 1902, ni ya robo saa hivi, na chombo chake kinachotua katika jicho la mwezi kingali kinachekesha. Nadhiri inapokuwa nyepesi kiasi hicho, mtu hawezi kujua kama inamfunga. Nguvu ya kamba haijulikani mpaka ivutwe.

Ikavutwa Jumamosi ya tatu. Kwa muongo wa 1910 nilikuwa nimeandika The Birth of a Nation, filamu ya D. W. Griffith ya mwaka 1915. Ni filamu ya saa tatu, isiyo na sauti, na mabingwa wa sinema wamekiri tangu zamani kwamba iliwafundisha wengi namna ya kuunganisha picha na kukuza wasiwasi wa mtazamaji. Lakini katika filamu hiyo wahusika wakuu Weusi wanaigizwa na Wazungu waliojipaka weusi usoni. Mwafrika aliyetolewa utumwani anaonyeshwa kama mnyama anayewinda wanawake. Na mashujaa wanaokuja juu ya farasi kuokoa watu ni Ku Klux Klan. NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, kilipinga isionyeshwe. Hata hivyo ilionyeshwa, hata katika Ikulu ya Rais Woodrow Wilson, na mwaka huo huo wa 1915 Klan, iliyokuwa imekwisha kufa, ikafufuliwa katika jimbo la Georgia.

Mpwa wangu, aliyekuwa akikaa nami wakati ule, aliitazama kwa muda kisha akasimama. “Mjomba,” akasema, “hawa wanatutukana, nawe umekaa kitako unawasikiliza. Nani kakulazimisha?”

Lilikuwa swali la Hobbes kwa Kiswahili. Hakuna aliyenilazimisha. Funguo ninazo, mlango huu hapa. Na mpwa wangu alikuwa na hoja ya pili, nzito kuliko ya kwanza: kwamba saa tatu za mtu Mweusi ni mali, na si haki kumpa mali hiyo aliyemdharau. Alitoka, nami sikumzuia. Nadhiri ilikuwa yangu, si yake, na hakuna mtu awezaye kumwekea mwenziwe nadhiri. Lakini mimi nilibaki mpaka mwisho, na tangu siku ile nimekuwa nikijaribu kueleza kwa nini nadhani nilitenda sawa.

Maelezo yangu ni haya. Hobbes anasema kana kwamba anayefunga na anayefungua ni mtu mmoja. Kwa jina ni mmoja, lakini kwa hali sivyo. Aliyepanga orodha yangu alikuwa ametulia, ameshiba, anaona miongo yote 14 kwa pamoja, na alijua vizuri kilichomo katika filamu ya 1915. Anayetaka kuikatisha ni mtu aliyeudhika, saa nne za usiku, anayeiona filamu moja tu iliyo mbele ya macho yake. Huyu wa pili ndiye mwenye faida katika kesi, naye huyo huyo anataka awe hakimu. Hakuna mahakama yenye akili itakayomruhusu.

Lakini sitaki kusema kwamba nadhiri haifunguliwi kamwe. Huo ungekuwa ukaidi, nao si uadilifu. Mtu aliyejiapiza kufunga siku kadhaa, kisha akagundua kwamba ni mgonjwa, hana wajibu wa kufa kwa ajili ya neno lake. Tofauti iko hapa: amejua jambo ambalo hakulijua alipokuwa akiweka nadhiri. Basi kipimo ninachokipendekeza ni hiki. Sababu mpya inaweza kufungua nadhiri. Karaha iliyotazamiwa haiwezi. Kama jambo linalonisukuma niache lilikuwa linajulikana siku ile ya kupanga, basi nilikwisha kulipima na kulikubali, na kulileta tena leo ni kutafuta njia ya kukwepa tu.

Na ile hoja ya mpwa wangu, kwamba kutazama ni kumheshimu mtukanaji? Hapa naona kuna mambo mawili yanayochanganywa. Kutazama si kushangilia. Polisi anayesoma barua ya mwizi hampi mwizi heshima. Griffith alitaka mtazamaji asahau kwamba anatazama. Kumtazama huku ukikumbuka, ukihesabu kila hila yake, ni kumnyima hasa kile alichokiomba.

Malipo ya kubaki yalikuja Jumamosi iliyofuata. Filamu ya muongo wa 1920 ilikuwa Within Our Gates, ya mwaka 1920, iliyotengenezwa na Mmarekani Mweusi, Oscar Micheaux. Ndiyo filamu ndefu ya zamani kuliko zote iliyobaki kati ya zile zilizoongozwa na Wamarekani Weusi. Ilipotea kwa miaka mingi mpaka nakala moja ilipoonekana Hispania, na maandishi yake yalikuwa ya Kispania. Mwaka 1993 Maktaba ya Bunge la Marekani ikairejesha katika hali ya kutazamika. Humo Micheaux anaigeuza hadithi ya Griffith ndani nje. Anayevamiwa ni msichana Mweusi, anayevamia ni Mzungu, na kundi la watu linalonyonga bila ya hukumu si mashujaa tena, bali ni wauaji. Aliyeitazama filamu hii bila ya kuiona ya 1915 ameona jibu bila ya kusikia swali. Mpwa wangu aliitazama yote, na hatukubishana tena, ingawa sidhani kwamba alibadili msimamo wake.

Jambo moja zaidi lilinipata nilipofika muongo wa 1960. Nilikuwa nimechagua Hatari!, ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962 na kupigwa picha Tanganyika. John Wayne na wenzake wanakimbiza vifaru na twiga ili wauzwe kwa bustani za wanyama. Nilifurahi mno, kwa ile nchi, kwa wale wanyama, na hata kwa jina lenyewe, neno letu limeandikwa kwa herufi kubwa ulimwenguni kote. Ilinichukua muda kutambua kwamba katika filamu iliyotoka miezi michache baada ya Uhuru wa Desemba 1961, wenyeji wamo ila hadithi si yao. Filamu ya 1915 ilinifanya niwe macho kwa sababu iliniudhi. Hii ilinilaza kwa sababu ilinipendeza. Nikaona kwamba ile nidhamu ya kubaki na kutazama kwa uangalifu inahitajika zaidi katika raha kuliko katika karaha.

Filamu ya mwisho ilikuwa Vuta N’kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, juu ya Zanzibar ya miaka ya 1950 chini ya Waingereza. Watu wa visiwani ndio wenye hadithi. Utamu wake niliupata kamili kwa sababu nilikuwa nimepita njia yote, pamoja na ile Jumamosi ya tatu.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba filamu ni jambo dogo la kujengea hoja kubwa. Huenda. Lakini wengi wetu hatuvunji nadhiri kubwa kabla ya kujizoeza kuvunja zile ndogo zisizo na shahidi: kitabu kilichoachwa katikati, lugha iliyoanzwa na kusahauliwa, mgonjwa tuliyejiambia tutamtembelea. Kabla ya kujifungulia, inatosha kujiuliza kwa ukweli: nimejua leo jambo gani ambalo sikulijua siku ile?