Chozi la Sinema ni Deni

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, vijana wa parokia walitujia na swali. Usiku uliotangulia walikuwa wametazama sinema pamoja nyumbani kwa mmoja wao, na wengi wao walilia. Asubuhi mzee mmoja aliposikia habari hiyo akawacheka, akasema: "Mwamlilia mfalme asiyekuwako duniani! Juzi tumemzika kijana wa jirani, na kilioni sikumwona hata mmoja wenu." Basi wakatuuliza: "Mwalimu, ni dhambi kumlilia mtu wa sinema?"

Siku ile tuliwajibu kwa haraka, wala jibu letu halikuturidhisha. Ndiyo maana tumelileta swali hapa, tulifikiri tena pamoja nanyi, wasomaji wapenzi.

Kwanza tueleze habari yenyewe, kwa ajili ya wale wasioijua. Mwaka 1966, mwaka ule ule mji wetu ulipoacha jina la Elisabethville ukaitwa Lubumbashi, Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, walitunga katika magazeti ya picha habari za mfalme mmoja mweusi, jina lake T'Challa. Nchi yake yaitwa Wakanda. Haimo katika ramani yoyote, lakini watungaji waliiweka Afrika, wakaijaza madini ya ajabu yaitwayo vibranium. Mfalme huyo akivaa vazi lake la vita huitwa Chui Mweusi. Mwaka 2018 habari zake zilitolewa katika sinema kubwa iliyoongozwa na Ryan Coogler, na aliyecheza mfalme alikuwa Chadwick Boseman. Ndani yake wamo pia Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala.

Sinema hiyo ilipendwa mno, na sisi wa Katanga twaelewa upesi kwa nini. Watoto wetu waliona mfalme mwenye sura kama yao, asiyemwomba mgeni chakula, mwenye ufunguo wa madini yake mkononi mwake. Mtoto wa Katuba au wa Ruashi, aliyezaliwa juu ya shaba na kobalti na asiye na taa nyumbani, akiona nchi ya namna hiyo moyo wake waruka. Si upumbavu. Ni hamu ya haki.

Kisha, tarehe 28 Agosti 2020, Boseman akafariki kwa saratani ya utumbo mpana. Alikuwa na miaka 43. Ugonjwa ule aliujua tangu mwaka 2016, lakini hakuwatangazia watu. Aliicheza kazi ya mfalme mwenye nguvu huku mwili wake mwenyewe ukidhoofika.

Hapo wapenzi wa sinema wakagawanyika. Wengine walisema: "Atafutwe mchezaji mwingine aingie mahali pake, maana T'Challa ni mfalme wa watoto weusi wote, akifa pamoja na mtu mmoja, watoto wamenyang'anywa." Maelfu walitia sahihi kuomba hivyo. Wengine wakajibu: "Hapana! Nani awezaye kulivaa vazi lake, na machozi hayajakauka?" Mwezi wa Desemba 2020 wenye sinema walitangaza kwamba hawatamweka mwingine. Sinema ya pili ikatoka Novemba 2022. Katika hiyo mfalme anakufa kwa ugonjwa mwanzoni kabisa, watu wake wanamzika wakiwa wamevaa nyeupe, na baadaye dada yake Shuri analivaa vazi la Chui. Mwanzoni, mahali ambapo hupigwa muziki, palikuwa kimya, na picha za marehemu zikapita. Watu wakalia katika nchi nyingi. Wengine walitoka wameridhika kana kwamba wametoka mazishini. Wengine walitoka na hasira, wakisema kwamba mfalme amezikwa bila sababu katika kaburi la mtu mwingine.

Wazee wetu wangalisikia ugomvi huo, wasingaliushangaa. Kwa Walunda, Mwant Yav akifa, jina lake haliendi kaburini. Akaliaye kiti huitwa tena Mwant Yav. Nasi Wakatoliki twajua jambo hilo. Papa Fransisko alifariki tarehe 21 Aprili 2025, na tarehe 8 Mei kiti cha Mtakatifu Petro kikampata Leo XIV. Hatukusema kwamba kwa kumchagua Leo tumemsahau Fransisko, wala hatukusema kwamba Leo ndiye Fransisko. Kiti hurithiwa, mtu harithiwi. Basi waliotaka mchezaji mwingine waliona kweli moja, ya kuwa kiti hakipaswi kufa pamoja na mtu. Waliokataa waliona kweli ya pili, ya kuwa mtu si nguo ya kuvuliwa na kuvalishwa mwingine. Hatuwalaumu hawa wala wale. Lakini katika makelele yao yote, wengi walibishana juu ya vazi. Ni wangapi walioiombea roho ya yule aliyelivaa?

Sasa turudi kwa swali la vijana wetu. Chozi lile ni la kweli au la uongo?

Mtakatifu Augustino aliwahi kujiuliza jambo hili. Katika kitabu chake cha Maungamo anasimulia jinsi alivyolia utotoni kwa ajili ya Dido, malkia wa hadithi aliyejiua kwa sababu ya mapenzi, na huku hakuililia roho yake mwenyewe iliyokuwa mbali na Mungu. Tena anayalaumu michezo ya jukwaani, kwa kuwa mtazamaji huonea huruma masikitiko ambayo haitwi kuyasaidia. Analipa kiingilio, analia, anafurahi kwamba amelia, kisha anakwenda zake. Maneno hayo ni makali, nasi twakiri kwamba yametuchoma.

Je, basi tuwakataze vijana sinema? La. Maana Maandiko Matakatifu yatuonyesha upande wa pili. Mfalme Daudi alipomchukua mke wa Uria, na kumwua Uria mwenyewe kwa upanga wa adui, nabii Natani hakuja kwake na hukumu. Alikuja na hadithi. Alimsimulia habari za tajiri mwenye kondoo wengi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyekula katika sahani yake na kulala kifuani pake. Na jinsi tajiri alivyomnyang'anya kondoo yule akamchinjia mgeni. Daudi akawaka hasira. Tufikiri vema hapa: maskini yule hakuwako, wala kondoo wake hakuwako. Mfalme alimhurumia kondoo wa hadithi kuliko alivyomhurumia Uria, askari wake mwenye nyama na damu. Natani hakumcheka. Aliishika huruma ile ile ya hadithi, akaigeuza, akamwonyesha Daudi kwamba tajiri yule ni yeye. Na Daudi akatubu.

Hapo ndipo tulipolipata jibu letu. Kumlilia mtu wa hadithi si dhambi. Chozi lile lathibitisha kwamba moyo haujafa. Lakini chozi la sinema ni deni. Tumekopa huruma kwa mtu asiyehitaji chochote kwetu. Yatupasa kuilipa kwa mtu anayehitaji. Asiyelipa, hilo ndilo kosa lake. Tena kosa lake ni kubwa kuliko la yule mwenye moyo mgumu, kwa sababu ameonyesha wazi kwamba anaweza kuhurumia.

Na sisi wa Katanga, deni hilo tunadaiwa na nani? Wakanda na vibranium yake ni hadithi. Lakini kobalti si hadithi. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono na wale vijana tunaowaita creuseurs. Mwezi wa Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliwaangukia, wakafa watu wapata 40 kwa siku moja. Hakuna kijana anayekosa kulijua jina la mfalme wa Wakanda. Nani kati yetu awezaye kutaja jina la mmoja tu wa wale 40?

Yule kijana wa jirani, ambaye mzee alisema kilio chake hakikuhudhuriwa, alikuwa creuseur. Udongo ulimkuta shimoni. Vijana wetu walimlilia mfalme wa madini yasiyokuwako, wakampita mchimbaji wa madini yaliyomo ndani ya simu waliyotazamia sinema hiyo. Lakini tusiwahukumu peke yao. Nasi tulipita mbele ya kilio kile. Tulisimama njiani, tukasalimu kwa mkono, tukaendelea, maana tulikuwa na haraka ya kwenda kufundisha somo la Msamaria mwema. Vijana walipotuuliza swali lao hatukuwaambia habari hiyo. Ndiyo sababu jibu letu la siku ile halikuturidhisha.

Vijana waweza kusema: "Lakini sinema yatupa moyo wa ushujaa, na creuseur aliyekufa atupa huzuni tu." Twawajibu: ushujaa nao ni deni la namna ile ile. Na kama mwataka Chui wa kumpenda, tunaye aliyeishi kweli, mwenye jina hilo hilo. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mfanyakazi wa serikali katika ofisi inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Walimletea fedha ili apitishe chakula kilichoharibika, kiuzwe kwa maskini wakile. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 wakamteka, wakamwua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri. Hakuwa na vazi lisilopenywa na risasi. Hakuwa na kitu ila dhamiri, na wale asiowajua ambao wangalikula chakula kile. Aliwahurumia watu ambao hakuwaona hata kwa picha, akawalipia kwa damu yake.

Basi, vijana wapenzi, tazameni sinema zilizo njema, na machozi yakija msiyaonee haya. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, lakini hakurudi nyumbani akiwa amelia tu. Mkimaliza kutazama, kila mmoja ajiulize kabla ya kulala: chozi hili nitamlipa nani kesho? Na kwa kuwa sinema ile ilitoka mwezi wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, mtajeni Chadwick Boseman katika sala zenu. Alilelewa Mkristo, naye sasa hahitaji vazi wala sifa, sala aihitaji. Na pamoja naye mwombeeni kijana wa jirani.

Juma lililofuata tulikwenda kwa mama yake, sisi na vijana saba, na unga kidogo na makaa. Kilio kilikuwa kimekwisha siku nyingi, na mkeka umekunjwa. Mama aliukunjua tena. Hakutuuliza kwa nini tumechelewa. Alianza kutusimulia habari za mwanawe tangu alipozaliwa, nasi tukakaa tukamsikiliza hadi jua likazama.